Uncle alivyofuta ng'ombe wa Cucu ili tuwe na gallery

Wakuu, mwanamke aliyemzika mume wake macho makavu, anawezaje kulia kwa sababu ya ng'ombe wa rangi ukutani?

Binamu yangu aliniuliza hivyo nje ya gallery ya familia yetu, hapa Nyeri. Mimi na digrii yangu tulichukua miaka kupata jibu.

Nitasema nilichoona tu. Wa kuongeza chumvi tayari tunao nyumbani.

Historia rasmi, ile Uncle Gatimu huwapa wageni, ni hii. Guka, yaani babu yetu, alifungua duka la mabango baada ya uhuru. Kila bucha, kinyozi na hoteli kutoka Majengo hadi Skuta ilitaka bango lenye picha, na Guka akawachorea wote. Halafu "akapanda kiwango", akawa msanii.

Ushahidi? Ubao mmoja.

Umejaa mistari ya kahawia, nyekundu na kijani, hauna kichwa wala miguu. Ulipatikana nyuma ya duka Guka alipofariki. Uncle akautia fremu, akaubatiza "Mlima Unahema", na duka likageuka contemporary art gallery. Hivyo tu.

Sasa, ukuta wa nje ulikuwa na ng'ombe wa zamani, kwa sababu nusu ya jengo iliwahi kuwa bucha. Mweupe, baka jeusi jichoni, pembe moja imeinama. Alikuwa anakuangalia kama mtu uliyemchelewesha.

Wiki ya opening, Uncle akaleta fundi na rangi ya kijivu.

"Hii ni ushamba. Wageni watafikiria tunauza matumbo."

Cucu, nyanya yetu, alikuwa nyuma akipika chai. Akatoka na mwiko mkononi.

"Gatimu, huyo muache."

"Mami, hiyo ni picha ya bucha tu."

"Ndio nasema umuache."

"Gallery haiwezi kuwa na ng'ombe, Mami."

"Lakini inaweza kuwa na ile takataka umetundika ndani?"

"Ile ni kazi ya Baba!"

Cucu alimtazama, akafungua mdomo, akaufunga.

Fundi alianzia kwenye kwato. Alipofika machoni, Cucu alivua kitambaa cha kichwa akajifunika uso. Mabega yakatikisika. Uncle akasema ni moshi wa jiko.

Opening ikafanyika. Mgeni mmoja wa Nairobi, skafu shingoni kwenye jua kali, alisimama mbele ya ubao akaona vita vya msituni. Mwenzake akaona ukame. Mimi niliona rangi.

"Uncle, Guka alikuambia lini kwamba hii ni sanaa?"

"Wangui, hiyo masomo imekuharibu. Ati kila kitu ni swali! Kunywa soda."

Cucu aliwapitishia wageni chai. Hakuna aliyemuuliza chochote, hata mimi ninayejifanya nauliza kila kitu.

Miaka ikapita, Cucu naye akatuacha. Mazishini Uncle akamsifu kama "mke mtiifu wa msanii", na nyuma yangu mtu akacheka. Alikuwa Nyina wa Muthoni, rafiki yake Cucu, aliyekuwa na hoteli ya chai mkabala na duka tangu mwanzo. Akanivuta kando, akaniambia jambo.

Siamini haraka. Nikazunguka nikiuliza wazee wa familia: nani aliwahi kumwona Guka na brashi mkononi? Kila mmoja alimjua mwingine ambaye lazima alimwona.

Funzo? Kama kwenu kuna mwanzilishi mwenye picha kubwa ukutani, muulizeni mapema yule anayepika chai. Wenye visa kama hiki mwageni hapa chini. Wanaotaka kumtetea Uncle pia karibuni, nina muda.

Alichoniambia Nyina wa Muthoni ni hiki: hakuna mwenye bucha angempa mwanamke kazi, kwa hiyo Guka alikaa mbele na wateja huku Cucu akichora nyuma ya pazia. Yule ng'ombe wa ukutani, Cucu alimchora Jumapili moja, watu wote wakiwa kanisani. Alikuwa ng'ombe wake mwenyewe, aliyeletwa kutoka Doldol, Cucu akamkamua mpaka siku ng'ombe huyo alipokufa.

Na ule ubao wa Uncle ndio aliokuwa akipangusia brashi.