Nondo wa Rangi Mdomoni mwa Mzinga

Shule niliishia darasa la pili, lakini kwenye miombo hakuna wa kunifundisha. Mizinga yangu yote ya nyuki nimeichonga mwenyewe. Nilikuwa najisemea hivyo, na ndiyo maana siku hizi naenda porini peke yangu.

Nyuki ni kazi ya wawili. Mmoja anapanda mtini, mwenzake anabaki chini na kienge cha moshi, na sharti aongee muda wote, wa juu ajue hajaachwa. Wa kwangu alikuwa shemeji wa kijiji cha Litapunga, kaka wa marehemu mke wangu. Mdomo haufungi! "Shikilia vizuri, shemeji! Ukianguka, dada yangu huko aliko atasema nimekutuma mimi!"

Asubuhi moja nilifungua mzinga nikakuta nyuki wamehama, masega yameliwa, utando wa viwavi kila mahali. Mdomoni wametulia nondo wadogo, hawafiki ukucha, mabawa ya njano yenye pindo jekundu, wazuri kama kanga mpya.

Nikampigia shemeji kelele kule chini: "Umeniua! Kuusafisha huu ilikuwa zamu yako. Ona nondo!"

"Wa rangi gani?"

"Njano na nyekundu."

"Hao wanakula majani tu, shemeji. Nondo wa nta ana rangi ya majivu."

"Unanifundisha mimi? Mvivu wewe. Toka hapa!"

Akakiweka kienge chini, akaondoka. Mimi nilikuwa bado juu ya mti, na chini kimya.

Msimu uliofuata nilipanda peke yangu kwenye mzinga uliojaa asali pomoni. Juu ya mfuniko, nondo walewale wa rangi, kama kumi. Nikaangalia miti ya jirani isiyo na mzinga: wapo. Basi shemeji alisema kweli. Na chini hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Nikachukua baiskeli mpaka Litapunga. Nikamkuta anapukuchua mahindi.

"Karibu, shemeji. Umekuja na lipi?"

Njia nzima neno la kumwomba radhi nilikuwa nalo. Nikasema: "Nimekuja kuazima kamba."

Akaniangalia. Anajua kamba zangu zinatosha kufunga ng'ombe wa Wasukuma wote. Akaingia ndani, akatoka na moja, ameiviringa vizuri.

"Chukua tu."

Hakuuliza nitairudisha lini. Nikaifunga kwenye keria, nikaondoka.