Utepe Waliotaka Kumfungia Mdogo Wangu

Mdogo wangu alizikwa siku ileile aliyokufa, baada ya sala ya alasiri. Mimi nilikuwa nimekaa barazani na mkono wangu wa kushoto uliovunjika una plasta mbichi, bado inatoa maji.

Mimi na yeye tulikuwa na wachumaji karafuu wenzetu nyuma ya gari la mizigo, tumebanana na magunia na pishi zetu za kupimia. Gari likashuka mlima likakosa breki, likalala ubavu kwenye mihogo ya watu. Waliokuja kutoa pole walisema ajali, wakasema kudra. Kudra ni ya Mungu, sikatai. Breki ni za mwenye gari. Dereva alimwambia asubuhi ile, tunasikia sote, kwamba kanyagio linazama. Akajibiwa, "Teremka na gia, mbona jana umefika?" Kwa hiyo mwenye makosa wa kwanza ni mwenye gari, wa pili dereva, maana alimjibu "haya" akapanda. Majina yao siyaandiki kwa kuwa mwanangu ameniomba nisizue ugomvi. Lakini wakipita njiani wanajua kwa nini natema mate.

Sasa hao wawili angalau hawakuja nyumbani kwetu. Aliyekuja ni muuza maua, na yeye ndiye aliyenichafua roho mpaka leo.

Aliyemwita ni mke wa mjomba wangu. Huyo ni wa tatu. Ana simu kubwa, na humo ndani alikuwa akimwona yule mwanamke kila siku anatangaza: mashada ya harusi, mashada ya maulidi, na siku hizi mashada ya msiba, "yenye jina la marehemu wako." Zamani kwetu hapakuwa na jambo hilo. Maiti alitiwa kafuri na mrehani, akanyunyiziwa marashi ya mawardi, akaenda zake. Lakini mke wa mjomba alisema msiba wa leo usiokuwa na shada juu ya jeneza unaonekana wa mafukara.

Maiti alipofika kutoka spitali, muuza maua naye akafika. Kashuka kwenye bodaboda na mfuko mkubwa wa nailoni, miwani ya jua juu ya mtandio.

"Pole shoga yangu, Mungu ampe kauli thabiti," aliniambia, na kabla sijaitikia akaendelea, "Marehemu alikuwa mke wa mtu au mwanamwali?"

"Hajaolewa."

"Basi nna shada lake hasa. Nimelitunga kwa ajili yake yeye."

Mdogo wangu alikuwa amekufa saa tatu tu zilizopita. Mtu mwenye akili zake angeuliza shada hilo limetungwa saa ngapi. Mimi sikuuliza. Kisomo changu kiliishia darasa la nne, lakini hilo halikutaka kisomo. Nilitaka watu waje waone kwamba mchumaji karafuu naye ana mtu wa kumpamba. Niliposema "lilete," na mimi nikaingia kwenye hesabu ya wenye makosa. Ni wa nne.

Akaniuliza jina la marehemu na herufi zake. Hakuuliza kingine. Hakuuliza alikuwa mtu wa namna gani, wala nani atamlilia zaidi. Alikaa palepale karibu na plasta yangu, akatoa utepe mweupe, akaandika kwa kalamu ya dhahabu, huku akiupuliza ukauke kama mtu anayepuliza chai. Kisha akasema, "Jeneza likishapambwa nitapiga picha moja tu. Sura haionekani, usiogope. Ya kuwaonesha wateja."

Nilinyamaza. Mtu akinyamaza msibani watu husema amekubali.

Ndani, mdogo wangu alikuwa ameshaoshwa na kuvikwa sanda. Aliyemwosha ni Bi mkubwa mmoja wa mtaani kwetu, kaosha wanawake wa vijiji vitatu, mikono yake haitoki harufu ya kafuri. Shada likaingizwa. Lilipotoka kwenye nailoni, harufu ilitupiga sote: asumini iliyovunda, manukato yaliyomiminwa juu yake ili kuificha, na chini ya hayo yote moshi wa udi na jasho. Asumini zilikuwa na kingo za rangi ya chai. Mawaridi yalikuwa yamerowa, ukiyagusa yanateleza kama kamasi. Bi mkubwa alitia vidole katikati akatoa kibanio cha nywele, chenye vipande vya vioo vinavyometa.

"Hiki cha maiti yupi?" aliuliza.

Akaushika utepe, akaugeuza. Upande wa pili palikuwa na majina mawili, la mwanamume na la mwanamke, na moyo mwekundu katikati.

Mke wa mjomba aliinama akasoma, akapiga ukelele. "Ewe! Hawa si wa harusi ya kule Wesha? Mie jana nilikuwepo! Biriani yao bado iko tumboni!"

"Na mimi nilijua harufu hii naijua," akasema jirani.

Muuza maua hakuona hata haya. "Kwani ubaya u wapi? Maua ni maua, Bi mkubwa. Yametumika saa mbili tu. Maiti hanusi."

"Kweli maiti hanusi. Ila mie bado nanusa, na naona uchafu hautoki kwenye maua. Beba, utoke, kabla sijakuosha weye, na mie nikishaanza siachi katikati."

Akatoka. Bi mkubwa akanigeukia, akaketi kwanza, akanishika mkono uliokuwa mzima. Sauti yake ilikuwa nyingine kabisa.

"Mwanangu, mdogo wako alikuwa akipenda nini?"

Swali hilo dogo ndilo ambalo muuza maua alipaswa kuja nalo. Hata kama angetaka kuuza, angeuza. Angekaa, angeniachia nilie, angeuliza, na ningempa chochote alichotaka. Nilipolitafuta jibu, kwanza nilikumbuka asichokipenda: mdogo wangu alikuwa hapendi asumini. Zilikuwa zikimuumiza kichwa. Kwenye harusi alikaa mlangoni apate hewa, na bibi harusi akipita karibu naye alijifunika pua kwa kanga. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja miaka yote, nilikuwa nakaribia kuzilundika juu yake.

"Mchaichai," nilisema. "Akitoka shamba alikuwa akisugulia mikono, itoke harufu ya karafuu. Upo nyuma, karibu na pipa."

"Mchaichai!" mke wa mjomba alisema. "Watu watasema tunampika chai."

"Waje na vikombe," Bi mkubwa akamjibu. "Kata, mwanangu."

Nilikata kwa mkono mmoja. Majani yale ni makali, yalinichana vidole. Bi mkubwa aliyapangusa vumbi jani moja moja, akayalaza kifuani juu ya sanda pamoja na mrehani, na chumba kikapata hewa. Wanaume wakaja, wakamchukua. Sisi wanawake tukabaki na mkeka mtupu.

Nikatoka barazani. Muuza maua alikuwa bado yupo. Shada limerudi kwenye nailoni, yeye yuko na simu sikioni anamwambia mtu, "Pole sana, shoga. Mwanamme au mwanamke? Basi nna shada lake hasa, nakuja sasa hivi."

Utepe ulikuwa ukichungulia kwenye mdomo wa mfuko. Nikaona jina la mdogo wangu kwa dhahabu, na nikajua litakavyokwenda. Atatafuta utepe mwingine, au atalifuta kwa mate aandike juu yake. Likigoma kufutika litageuziwa ndani, ligusane na maiti nisiyemjua.

Nikauvuta. Naye akauvuta.

"Wewe! Utepe wangu huo!"

"Jina si lako."

"Shoga, niachie, una wazimu wa msiba weye."

Nilikuwa na mkono mmoja, yeye miwili. Ukabaki kwangu kwa sababu niliung'ata kwa meno. Nikaingia nao ndani, nikautia kwenye chetezo juu ya makaa ya ubani. Ulijikunja, moyo mwekundu kwanza, halafu dhahabu, na moshi wake ukanuka kama nywele na plastiki iliyoungua. Nyumba nzima ikakohoa. Muuza maua alisimama mlangoni ananitukana, kisha bodaboda ikamwita kwa honi, akaondoka na shada lake.

Bi mkubwa alifungua dirisha, akajipepea kwa kanga, akanisogezea chetezo karibu ili utepe uishe wote.