Nzito na Nyepesi

Mtafiti wa nyota wa ghorofa ya pili alikuwa na mikono isiyotulia. Kila akiwaza aliinua funguo na kifutio, akaviachia pamoja, akatega sikio. Karani wa ghorofa ya chini yake alivisikia vishindo hivyo darini miaka sita, hadi siku moja akamwuliza anatafuta nini hasa. "Nyota mbili, dada, moja nzito, moja nyepesi, zinaangukia nyota ya tatu yenye mvutano wa kutisha," akamjibu kwa sauti yake ya taratibu. "Nataka kujua kama uzito unaongeza kasi. Nikikuta tofauti, ama nimevumbua jambo, ama nimekosea hesabu miaka yote hii. Na mimi najijua."

Alhamisi moja asubuhi dari ikanyamaza. Karani, roho juu, akapanda ngazi mbiombio. Akamkuta dirishani, viganja vimefunika uso, mabega yanatikisika. "Kulikoni, kaka?" Mtafiti akashusha mikono, kumbe anacheka, machozi yanamtiririka. "Sawasawa, dada! Kasi ni ileile, hazipishani hata unywele!" Karani akashusha pumzi, akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa. "Haya, mpigie mkeo," akasema, "maana wiki nzima ananiuliza mimi unaumwa nini."