Kuku wa Mwenye Seva

Nilikuwa sokoni Kilosa nachagua nyanya, simu ikaita. Alikuwa mwenyekiti wa kitongoji kimoja cha Mikumi, na salamu zake zilikuwa za haraka haraka. "Mwandishi, yule bwana wa steshenari katutoka alfajiri. Presha. Sasa tuambie, tumpigie nani?" Nikamjibu ampigie ndugu wa marehemu. "Ala! Si ndilo tunalokuuliza? Ndugu yake nani?" Nikabaki na nyanya mkononi. Miaka yote nimekunywa chai ya mtu yule, nikipita Mikumi sina kituo kingine, na sikuwa na hata jina moja la kumpa mwenyekiti. Akaendelea kwa sauti ya mtu aliyeishiwa: "Tumeiuliza hata mashine yake. Inasema hakuna matokeo." Hapo ndipo nilipoamini kwamba kweli amekufa, wasomaji wangu, maana jibu hilo alizoea kupewa yeye mwenyewe kila asubuhi, na sasa wanapewa wengine.

Duka lake lilikuwa kando ya barabara kuu ya Iringa, kati ya gesti na fundi wa matairi. Alitoa kopi, alipiga picha za pasipoti, aliwaombea vijana kazi mtandaoni. Lakini hayo yalikuwa ya kutafuta ugali. Kazi aliyoipenda ilikuwa ya chumba cha nyuma, ambako aliweka seva ya kuhifadhi undugu wa watu wa Mikumi na vijiji vya Kilosa. Alinieleza akichora kwa kidole kwenye vumbi la meza. Kumbukumbu za ofisini, alisema, hupangwa kwa safu kama magunia ghalani, lakini binadamu hakai kama gunia. Katika kanzidata yake kila mtu alikuwa nukta, na kila uhusiano ulikuwa mstari: huyu kamzaa yule, yule kamuoa huyu, huyu ni mjomba wa wale. Tena kila nukta ilikuwa na anwani yake ya mtandaoni, ili siku moja mtu wa Mvumi aunganishwe na mtu wa Tabora ambaye hata hamjui. Nikamuuliza kwa nini asikodi nafasi kwenye mashine za makampuni ya ng'ambo, yakaisha. Akakasirika kweli. "Mashangazi wa watu niwapeleke ughaibuni wakapange chumba? Wakishindwa kodi je?"

Kwa hiyo mashangazi wa watu walikaa ndani ya jokofu la soda lililokufa zamani. Alilichagua kwa sababu lilizuia vumbi la malori na mlango wake ulikuwa unafunga, na mlango unaofunga si kitu kidogo kwa mji unaopakana na mbuga. Kabla ya jokofu, nyani mmoja aliingia dirishani, akang'oa nyaya zote, akaketi juu ya mashine akila ndizi ya mwenye duka, na ukoo mzima wa watu wa Mvumi ukapotea. Umeme ulitoka kwenye paneli ya jua na betri mbili za lori. Programu zilikuwa za bure, ila alizisimika, zikagoma, akazifuta, akazisimika tena, mpaka mafundi wenye vyeti waliopita njia wakamshauri aoe. Mashine ikiandika kwamba kumbukumbu haitoshi, aliijibu kwa sauti: "Hata mimi mwenzio sikumbuki."

Na kweli hakuwa na la kukumbuka. Akiwa mchanga, abiria mmoja wa treni alimwomba mama muuza ndizi wa stesheni ya Munisagara amshikie mtoto, akachote maji. Treni ikapiga honi, yule abiria akakimbilia behewa, mtoto akabaki kwenye ndizi. Muuza ndizi akamlea mpaka akawa mtu mzima, kisha akafariki. "Nilisahaulika kama mwavuli," alizoea kusema, na kucheka kabla wewe hujajua ucheke au ulie. Hakumjua mama, hakujua kabila. Seva ile aliijenga akiamini kwamba akiingiza watu wa kutosha, siku moja mstari mmoja utajichora wenyewe na kugusa nukta yake, na kila asubuhi aliiuliza ndugu zake ni nani. Hofu yake aliisema waziwazi: hakutaka azikwe na kamati.

Watu walimpa taarifa kwa moyo mmoja, na hapo ndipo vituko vilipoanza. Kulikuwa na bibi mmoja Msagara, anakaanga maandazi stendi ya malori. Rafiki yangu alimfuata na kompyuta ya kupakata, akamwamkia, akaitikiwa marahaba, akauliza: "Bibi, mumeo nani?" Bibi akanyoosha mwiko kuelekea mjukuu aliyekuwa anachezea unga. "Mume wangu yule pale. Na yule. Na yule mwenye kamasi." Sisi sote tunajua bibi na mjukuu wanavyoitana. Rafiki yangu naye alijua, lakini aliapa kuandika alichoambiwa, asiongeze wala asipunguze, akawaandika wote. Seva nayo ilikuwa na kanuni zake: mama wa mume ni mkwe, na mkwe huheshimiwa. Ikapiga hesabu, ikatoa jibu kwamba binti wa yule bibi ni mama mkwe wa mama yake mzazi. Lo! Bibi aliposikia alifurahi kuliko siku ya Idi. Kesho yake alimpigia binti yake magoti barabarani, mbele ya madereva: "Shikamoo, mama mkwe!" Binti alikimbia akiacha ndoo. Bibi alipoombwa akubali kufutiwa ndoa zile, alikataa katakata. "Niwaache waume zangu, uzeeni nitunzwe na nani? Na wewe?"

Ikabidi kanzidata itengenezewe mstari mpya, wa nukta nukta, uitwao mstari wa utani. Habari zikaenea. Akaja mfugaji mmoja na fimbo yake, akasema kama mambo ni haya basi ng'ombe wake waandikwe pia, maana anajua mama zao na bibi zao mpaka wale walioliwa na simba. Wakaandikwa. Siku ile nilimkuta rafiki yangu amekaa mbele ya kioo, chai imepoa. "Mwandishi, kuna mtamba mwekundu humu ana mistari imejaa kioo kizima. Na mimi mwenye seva ni nukta tupu." Nikacheka, kwa kuwa kweli inachekesha. Yeye safari ile hakucheka.

Basi nikapanda basi kwenda maziko. Nilikuta ameshaoshwa na kukafiniwa, shehe ameshaangalia saa, vijana wameshika jeneza. Mara yule bibi wa maandazi akakaa mlangoni, amelikumbatia jokofu lenye seva ambalo sijui nani alimsaidia kulisogeza. "Hatoki mtu hapa! Mimi mtani wake. Nataka kuku." Kwetu mtani akishikilia jambo msibani, haliendi mpaka ndugu wa marehemu amlipe. Shehe akamwomba kwa upole: "Bibi, wewe Msagara, marehemu kabila lake halijulikani. Utani wenu umetokea wapi?" Bibi akamtazama kama mtoto wa chekechea. "Halijulikani? Basi ni mtani wa makabila yote!"

Jamani, asingesema vile. Dereva mmoja Mngoni, aliyekuwa amesimama pembeni kwa heshima zake, alitoweka, na punde simu ikaja kutoka makaburini kwamba amelala ndani ya kaburi, amekunja nne, naye anataka kuku. Wanyamwezi wawili wa gereji wakakaa juu ya kiatu cha shehe. Watu walikuwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Mwenyekiti akajitolea kumlipa bibi kwa fedha za kitongoji, bibi akazitupa. "Sitaki kuku wa kamati. Kuku analipwa na ndugu. Ndugu wa marehemu yuko wapi?"

Kicheko kikakatika. Nilisikia lori likibadilisha gia barabarani. Jeneza lilikuwa mabegani mwa vijana, na mtu aliye ndani yake alikuwa amelitafuta jibu la swali lile maisha yake yote. Roho iliniuma nikashindwa kuvumilia. Nikasema, "Mimi."

"Wewe nani wake?"

"Kaka yake."

"Mama yenu nani?" Bibi hakunionea huruma hata chembe.

"Ndiye yule aliyemsahau Munisagara."

Bibi akanikazia macho, midomo inamcheza. "Afadhali umekuja," akasema. "Haya, kuku." Kumbe ndugu hakimbiziwi kuku, anamkimbiza mwenyewe. Nikapandisha kanzu, nikamfukuza jogoo wa mwenyekiti mpaka ng'ambo ya barabara kuu, malori yakipiga honi, nikamdaka chini ya tela la saruji. Bibi akampokea, Mngoni akatoka kaburini kwa ahadi kwamba wake atafuata, na rafiki yangu akazikwa kama mtu mwenye watu.

Baada ya kuzika, bibi alinisimamia mpaka nikawasha seva na kuandika mstari wa kaka, kutoka nukta yake hadi yangu, ambayo alishaiingiza zamani pamoja na ukoo wangu wote. Kisha nikaiuliza swali la kila asubuhi. Safari hii majina yalishuka kama mvua: wajomba zangu, mashangazi zangu, watoto wangu, wote sasa wake. Sikuyasoma mpaka mwisho, macho yalinikataa.

Nilidhani yameishia pale. Jioni mama yangu mzazi, mtu mzima wa Kilosa asiyepakaziwa hovyo, akapiga simu. "Wewe! Wamekuja watu kunipa pole, wanasema nimefiwa. Na wanasema nilisahau mtoto stesheni! Mimi? Sijasahau hata mwiko maishani mwangu!" Nikamwambia ukweli wote tangu mwanzo. Mama akashusha sauti: "Nimewaandalia chai, wako hapa ukumbini. Wananiuliza habari za mwanangu. Alikuwa anapenda kula nini?"

Nilijua chai yake. Alichopenda kula sikukijua, na hakuna seva ya kuiuliza. Ndugu msomaji, kama kuna mtu jirani yako asiye na mtu, usingoje mashine ikuchoree mstari. Nenda kajitaje leo, na huyo kuku mfukuze mwenyewe wakati jirani yako bado yupo wa kumla.