Baka la Zambarau kwenye Shavu la Mposaji

Mimi ndiye niliyemtia kijana wa watu ugonjwa wa ngozi, na sijawahi hata kumshika mkono. Jina langu nalificha. La kwake pia nalificha, maana nimeshamharibia vya kutosha!

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea mwisho. Nilikuwa fundi redio pale Kasulu mjini, nimejibanza kwenye kibaraza cha duka la mfanyabiashara mmoja, nimwite Mzee Sefu. Baba yake alitoka Unguja, lakini yeye kazaliwa Kasulu, na Kiha anakijua kuliko mimi niliyezaliwa Rungwe Mpya. Redio zililetwa kutoka kila upande, mpaka Kagerankanda, zimefungwa kwenye kanga kama watoto wachanga. Nyingi zilikuwa zimeishiwa betri tu. Nilizifungua hivyo hivyo, nikakuna kichwa, nikazifunga. Watu wanapenda kumwona fundi akikuna kichwa.

Mzee Sefu alikuwa na binti, nimwite Mwanaidi. Binti wa maana! Akaposwa na mtoto wa binamu ya baba yake, kijana aliyekuwa anafanya kazi Maskati. Picha ikaletwa. Bi Mkubwa, mama yake Mzee Sefu, ambaye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kwenye nyumba ile, akaikataa.

"Picha haimezi mate," alisema. "Nataka nimwone akizungumza."

Kijana hakukasirika. Alikuwa na uwezo wake, akajitia kwenye kanda ya video. Lakini kanda tutaitazamia wapi? Huku Bara hapakuwa na televisheni. Unguja zilikuwepo. Jamaa wa huko wakanunua televisheni ya rangi iliyokwisha kutumika, pamoja na mashine ya kuchezea kanda, wakazipakia melini, zikaja kwa treni mpaka Kigoma, kisha zikapanda lori.

Kwenye lori hilo hilo kulikuwa na spika mpya ya msikiti wa mjini, lile tarumbeta kubwa la mnarani. Mtu mmoja mwenye huruma aliona televisheni inarukaruka kwenye mashimo, akaikandamiza kwa ile spika. Spika ina sumaku kubwa kama sahani ya ugali. Ikailalia televisheni njia nzima, na sumaku huvuruga rangi za kioo. Mimi hayo nilikuja kuyaelewa baadaye sana.

Tulipowasha jenereta na kuweka filamu ya Kihindi iliyokuja na mashine, watu wote walikuwa rangi ya bilinganya upande mmoja na rangi ya kisamvu upande wa pili. Mzee Sefu akanigeukia.

"Fundi, unaiweza?"

Neno la kweli lilikuwa fupi: siiwezi. Nikasema, "Hii ndogo, Mzee."

Redio haina rangi, ndugu zangu! Nilikuwa sijawahi kufungua televisheni maishani mwangu. Nikafungua mgongo, nikapuliza vumbi, nikakaza kila skrubu iliyokubali kukazwa. Ikanipiga shoti nikakaa chini. Nikainuka, nikamwambia Mzee Sefu, "Umeme upo."

Kilichonipoteza ni bahati. Nilikuwa na sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu, ya kuokotea skrubu. Nilipoipitisha karibu na kioo, rangi zikakimbia! Nikasogeza tena, zikakimbia tena. Kumbe zinasukumika! Basi nikafanya kazi ya kuzisukuma kama mtu anayeswaga mbuzi, mpaka kioo kizima kikawa safi, isipokuwa baka moja la zambarau, ukubwa wa chungwa, lililojikusanya upande wa kushoto. Hilo lilikataa kabisa kutoka.

Nikarudisha filamu ya Kihindi. Watu wa filamu ile hawakutulia. Waliimba, wakakimbizana bustanini, wakazunguka miti. Kila mmoja alipita kwenye baka na kutoka kabla hujapepesa jicho. Hakuna aliyeliona.

"Wallahi, umeiponya!" akasema Mzee Sefu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mpaka jioni, mji mzima ulikuwa unaniita Daktari wa Picha. Nami niliitika.

Kanda ya mposaji ilitazamwa Ijumaa baada ya sala. Bi Mkubwa alikaa mbele, mashangazi nyuma yake, Mwanaidi akachungulia mlangoni nyuma ya pazia. Mimi nilikaa kando ya mashine, nimevaa shati la kanisani.

Kijana akatokea. Alikuwa na adabu, na adabu ndiyo iliyommaliza. Alikaa kwenye kiti wima, hatikisiki, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Na shavu lake lilikuwa pale pale kwenye baka langu. Akatoa salamu, akawaulizia wazee mmoja mmoja kwa majina, na muda wote shavu lile ni la zambarau!

Bi Mkubwa akasogea mpaka pua yake ikakaribia kioo.

"Mwanangu fundi, rangi hizi ni za kweli?"

"Ni zenyewe, Bibi. Mashine imepona."

"Basi kijana ndiye hajapona. Lahaula! Wanatuletea mtu mwenye mbalanga, na wamemkalisha kwenye mwanga, hata haya hawana!"

Akainuka. Wote wakainuka naye, pazia likaanguka, nikaachwa peke yangu nizime.

Sikuzima. Kijana aliendelea kuzungumza na chumba kitupu. Alisema amesikia Kasulu kuna baridi, na kwamba atanunua sweta. Akacheka mwenyewe kwa hilo, akiangalia chini. Kisha akainuka kwenda kuzima kamera.

Akainuka, jamani! Na baka likabaki kwenye kiti!

Nikarudisha kanda nyuma, nikatazama tena. Kijana aliinuka na shavu safi kama langu na lako, na baka likabaki limekaa kwenye kiti. Nikazima. Nikakunja waya vizuri.

Familia nzima ilikuwa uani, ng'ambo ya ukuta mmoja. Ningepaza sauti tu wangesikia. Lakini kumwita Bi Mkubwa ilikuwa kumwambia kwamba Daktari wa Picha hajui picha. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho ni rafiki mkubwa wa mwongo.

Kesho ilifika, ikamleta Mwanaidi kibarazani na tochi mkononi.

"Mwakeye, kaka fundi," akanisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, dada."

Akaweka tochi mezani, wala hakuniambia ina tatizo gani. "Niambie kweli. Lile ni lake au ni la mashine? Mimi yule mtu nimempenda alivyozungumza. Ukisema ni la mashine, naenda kwa bibi sasa hivi, nampigia magoti."

Hakulia. Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemsubiri mganga asome kipimo. Nikakuna kichwa.

"Mashine haina kosa, dada."

"Haya," akasema. Akachukua tochi yake akaenda. Ilikuwa nzima.

Majibu ya kukataa yakapelekwa kwa mdomo na msafiri wa kwanza. Ndugu wa Unguja waliposikia sababu, waliona wametukanwa. Wakakata hata salamu. Kijana akaoa kwingine.

Sikukuu ya Idi ilipofika, Mzee Sefu akaitoa televisheni uani, majirani wote, Waislamu kwa Wakristo, waje watazame ile filamu mpaka mwisho. Sikuwa nimeitazama mpaka mwisho. Kumbe mwishoni wanatulia! Mama yake sterling, yule shujaa wa filamu, akaketi akilia, akawa na baka shavuni. Askari akaketi kumsikiliza, akawa na baka. Akaletwa ng'ombe, akasimama mahali pale pale, baka.

"Na ng'ombe naye?" akauliza Bi Mkubwa.

Hakuna aliyecheka. Vichwa vyote vikanigeukia.

Na hapa ndipo aibu yangu ilipo, maana walinisamehe! Mzee Sefu alisimama, sauti yake kama ya mfiwa, akasema, "Fundi hakujua. Mashine ni ngeni kwetu sote, na kukosea ni ubinadamu." Mimi nikainamisha kichwa, nikaupokea msamaha wa mtu asiyejua. Haukuwa wangu. Nikautumia.

Dawa yenyewe nilikuja kujifunza miaka mingi baadaye. Unachukua koili, ule mviringo wa waya uliozungushwa mara nyingi, unaitia umeme wa jenereta, unaizungusha mbele ya kioo taratibu, kisha unarudi nayo nyuma polepole mpaka uwe mbali. Sumaku inajifia na baka linafutika kabla chai haijapoa. Na koili nilikuwa nayo! Ilikuwa ndani ya sanduku langu, chini ya miguu yangu, wakati Mwanaidi ananiuliza.

Kasulu hawakuniletea tena hata tochi. Nikahamia Kibondo nikaanza upya. Siku moja wakaja mtu na mkewe kutoka Kasanda, wameleta redio. Mume alikuwa mtu mzima, mgane aliyeoa tena, ana watoto wanaolingana na mkewe. Mke alikuwa Mwanaidi.

"Si ndiye yule wa Kasulu?" mume akanong'ona, lakini kwa sauti ya kusikika. "Atatuharibia."

"Mwache, baba, hakujua," akasema Mwanaidi. "Mimi namjua. Hawezi kumdhuru mtu."

Mume akatoka kununua tumbaku. Mwanaidi akabaki ameshika ukingo wa meza.

"Kaka, siku ile sisi tulitoka wewe ukabaki. Ulimwona mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Ningempa hata hilo tu, Mungu wangu! Hilo halikuwa na gharama yoyote tena. Lakini kukiri kwamba nilimtazama ni kukiri nilichokiona.

"Sikumtazama, dada. Nilikuwa nakunja waya."

"Ehee," akasema, akatikisa kichwa kidogo. Nikafungua redio yao. Ilikuwa betri.

Mafundi wenzangu, na wewe usiye fundi, nakuonya: "sijui" haijaua mtu. Na kama umeshajifanya unajua, ukaliona kosa lako kwa macho yako, lipigie kelele siku hiyo hiyo, kabla hajaja mtu kukuuliza kwa upole. Usiombe usamehewe kwa kutojua wakati unajua! Utaishi na watu wanaokupenda kwa makosa, na hutaweza hata kuwakasirikia.

Na wewe dada wa Kasanda, nasikia mpaka leo nikisemwa vibaya unanitetea. Acha kunitetea. Alikuwa mtu mpole. Alikuwa anacheka akiangalia chini, na alikuwa anataka kununua sweta kwa ajili ya baridi ya kwenu. Shavu lake halikuwa na kitu, nami nililiona.