Tabitha, Uliyemrudisha Mama Darasani

Haijaniingia akilini bado. Tabitha wangu hayupo. Jumapili tu kanipigia simu kutoka Tegeta kwa mwanawe, tumecheka mpaka kikohozi kikamshika, leo naambiwa habari za mazishi.

Nyie wajukuu mnaonifuata humu mmezoea nikiwasema kwa mapishi yenu na mavazi yenu. Leo nivumilieni. Nachapa kwa kidole kimoja na machozi yananitoka, kwa hiyo msije kwenye komenti kunisahihisha herufi.

Tulikutana Temeke, enzi za Mwingereza, wasichana wa bombani. Mie Mmakonde, baba yangu mchonga vinyago, tumetoka kusini. Yeye Mpare, baba yake karani bandarini, na Kiswahili chake kimenyooka kama kimepigwa pasi.

Siku ya kwanza alinicheka nilivyokuwa natamka maneno. Na mie nikamcheka anavyobeba ndoo kwa mikono miwili wakati kichwa anacho. Tukawa mashoga hapo hapo.

Ni yeye aliyetuingiza mie na mama yangu kwenye masomo ya unabii. Karatasi zilikuja kwa posta, kila somo na maswali yake. Unasoma swali, unafungua fungu la Biblia ulilotajiwa, unajibu kwa fungu lenyewe. La kichwani mwako halitakiwi.

Jumapili mchana tulikusanyika barazani kwa Mwalimu Yona, kiongozi wa darasa. Tabitha ndiye alikuwa msomaji wetu.

Mama yangu hakujua herufi hata moja, lakini alikuwa na masikio. Tulipojifunza ile sanamu ya Danieli, kichwa dhahabu, nyayo chuma na udongo, alirudi nyumbani akamsimulia baba yote. Baba akaweka patasi chini, akauliza ni fundi gani huyo anaweka dhahabu juu halafu chini anasimamisha udongo. Tabitha alilirudia hilo mpaka uzeeni, na kila mara alicheka yeye kwanza.

Mama alikuwa anajiandaa kubatizwa. Hakuna kitu alichokitaka kama hicho.

Basi tukafika kwenye chapa ya mnyama, kule kwenye Ufunuo. Tabitha akasoma kwamba watu watatiwa chapa mkononi, au katika vipaji vya nyuso. Nyie mkisikia kipaji mnawaza mashindano ya kuimba. Kule ni paji la uso, hapa juu ya nyusi.

Baraza zima likamgeukia mama. Alikuwa na nembo, zile chale za Kimakonde, kuanzia kwenye paji mpaka mashavuni.

Mwanamke mmoja akasema, kumbe chapa yenyewe tunayo hapa hapa. Mwalimu Yona hakucheka, ila hakumkemea pia. Akasema ubatizo wa mama usimame kwanza, mpaka awaulize wakubwa wake. Mama akajitanda kanga mpaka machoni, akaondoka.

Siku zile zote akaenda bombani kajifunika hivyo hivyo. Akaniambia kama uso wake ni wa mnyama, asiwasumbue watu wa Mungu. Mie nilikuwa na hasira ya kung'ata mtu.

Katikati ya wiki Tabitha akaja, Biblia kwapani. Akapiga goti, akamwamkia mama, akaomba lile somo tulirudie sie watatu. Mama akasema hana haja. Tabitha hakubishana. Alikaa jikoni akachambua mchicha wetu bila kuombwa, mpaka mama akachoka kununa.

Ndipo Tabitha akamuuliza nani alimchora. Mama akasema bibi yake, ili apendeze. Tabitha akafungua fungu, akalisoma polepole, akamwonyesha kwamba chapa ile inakwenda pamoja na kumsujudu mnyama.

"Sasa mama, bibi yako alipokuchora, alitaka umsujudu nani?"

"Alitaka nisilie tu," mama akasema.

Tulicheka siku hiyo jamani, na mama alicheka kuliko sie. Kisha Tabitha akasoma sura inayofuata, kwamba wapo pia wenye jina la Baba katika vipaji vya nyuso zao. Mama akamwambia arudie. Akarudia, akaambiwa tena, mpaka mchicha ukaungua.

Jumapili mama akaenda uso wazi. Tabitha, binti mdogo mbele ya watu wazima, akaomba lile swali lijibiwe upya. Akajibu kwa fungu, kama tulivyofundishwa.

Halafu akasema, "Mwalimu, tulipomsimamisha mama kwa ajili ya chale zake, tulijibu la kichwani mwetu."

Mwalimu Yona akaomba Biblia, akasoma mwenyewe kimya kimya. Alipomaliza akainuka, akaenda kumpa mama mkono na kumwomba radhi mbele ya wote. Nilimheshimu mtu yule kuanzia siku hiyo.

Mama alibatizwa kabla ya masika. Alikaa katika imani ile mpaka anafumba macho uzeeni, na kila akisali alimtaja Tabitha kabla ya kunitaja mie aliyenizaa. Nilikuwaga naona wivu. Sasa hivi nashukuru tu, maana najua alikuwa anamlipa kwa kile alichokuwa nacho.

Shoga yangu, asante. Wengi wanausoma unabii wakitafuta nani atachomwa. Wewe uliusoma ukimtafutia mama yangu mahali pa kukaa.

Lala sasa, Tabitha. Siku parapanda ikilia, ukifumbua macho ukakuta mie sijatokea, usiogope umati ule. Tafuta mwanamke wa Kimakonde, uso wake umechorwa. Mwite mama, ataitika.