Siku Niliyomkana Mtoto Forodhani

Habari hii siipendi, lakini kwa kuwa imeshasimuliwa vibaya katika nusu ya nyumba za mtaa wetu wa Makadara, afadhali niisimulie mwenyewe, maana mimi angalau nilikuwepo, na aibu yenyewe ni yangu.

Nilikuwa nimerudi kutoka Uingereza, ambako nilikaa miaka miwili nikisomea mitambo ya simu, na vitu vyangu vikanifuata kwa meli hadi Mombasa halafu kwa gari moshi hadi Nairobi, katika sanduku moja kubwa la mbao: redio, cherehani, mablanketi, masufuria, na kigari cha kusukumia mtoto. Kigari kilikuwa cha dada yangu Ndinda, aliyekuwa mjamzito na aliyeniandikia barua tatu juu ya kigari hicho tu (katika ile ya tatu hata hali hakunijulia). Sasa, sheria ilikuwa hivi: kitu ulichokitumia huko ng'ambo wewe na watu wa nyumba yako kwa mwaka mzima kinaingia bila ushuru, kipya unalipia. Kigari kilikuwa na wiki moja tangu kitoke dukani. Nilipoketi kuandika orodha ya vitu, kalamu ilifika hapo ikasita, kisha nikaandika "kimetumika", na ili uwongo wangu usimame nikatia viazi ndani ya kigari nikakisukuma kwenye matope jioni mbili, hata mama mmoja wa Kizungu akainama kumtazama mtoto, akakuta viazi, akasema tu kwamba mvua imezidi mwaka huu.

Sanduku lilipofika bohari la forodha kule Embakasi, Mzee Kilonzo alijitolea kunibebea. Huyu ni baba yake Mueni, msichana niliyekuwa nikimwandikia miaka yote miwili, naye alikuwa dereva wa lori la muuza mbao mmoja wa Jogoo Road, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Jumamosi ya wiki ile wazee wetu walikuwa wampelekee mbuzi wa kwanza, wale ambao kwetu Ukambani wakishapokelewa msichana anahesabiwa ni wako, na nadhani alikuja na lori ili anitazame vizuri kabla ya mbuzi kufika.

Karani wa forodha alikuwa Mkamba mwenzetu, mwenye miwani, mpole. Akapitisha redio, akapitisha cherehani, mzee akisimama kando yangu akikunja kamba ya kufungia mizigo, mpaka karani akafika kwenye kigari.

"Hiki kimetumika?"

"Kimetumika."

"Kimetumiwa na nani?"

(Hapo ndipo nilipogundua kwamba kigari hakitumiwi na mtu mwenye ndevu.)

"Na mtoto."

"Mtoto wa nani?"

"Wangu."

"Anaitwaje?"

Ningeweza kusema Peter. Ningeweza kusema jina lolote la Biblia. Lakini muulize Mkamba yeyote ghafla jina la mwanawe wa kwanza, ulimi utakimbilia kwa baba yake mzazi, kwa sababu ndivyo tunavyowaita, babu kwanza, na mimi nikasema, "Musyoka." Karani akatazama fomu, akaona Wambua Musyoka, akatabasamu. "Umemwita baba. Vizuri. Wengi wakifika huko husahau." Akachukua muhuri.

Mzee Kilonzo alikuwa ameacha kukunja kamba. Nilimwona. Ningeweza kusema neno wakati ule, lakini muhuri ulikuwa juu hewani, nami nikaungoja ushuke.

Nje, mzee hakufungua mlango wa lori. Akaniuliza, "Musyoka ana umri gani?"

"Mzee, hakuna Musyoka. Nilisema hivyo nisilipe ushuru."

Akaitupa kamba nyuma ya lori. "Mtu hachezi na jina la babake. Kama mtoto yuko, umemtupa. Kama hayuko, umemuuza baba yako kwa ushuru wa kigari. Niambie ni nani kati ya hao wawili anayeniletea mbuzi Jumamosi."

Nikasema ni yule wa pili.

"Basi rudi ukamwambie karani. Mimi nitasimama karibu nisikie."

Foleni ilikuwa imekua kwa muda ule mfupi, na ndani kulikuwa na kelele za watu wakipasua masanduku, kwa hiyo karani akaniambia niseme kwa sauti. Nikasema kwa sauti, "Yule mtoto, Musyoka, hayuko."

Karani akavua miwani. "Amefariki?"

Mama mmoja nyuma yangu akaniwekea mkono begani akasema pole, baba, Mungu ndiye anayejua.

"Hapana," nikasema, "hakuwahi kuzaliwa. Hakuna mtoto. Niliandika vile kwa sababu ya ushuru."

Mkono ukaondoka begani. Karani akamtazama mzee, akauliza huyu naye ni nani, nami (maana siku hiyo nilikuwa nimeshaamua kusema kweli tu, tena kwa wakati mbaya) nikajibu ni baba ya msichana ninayetaka kumuoa. Foleni nzima ikasema "Aaah." Mpagazi mmoja akawaelezea waliochelewa: "Huyo ameona buda ya dame yake, ndio anaruka mtoto," yaani namkana mwanangu kwa kuwa nimemwona mkwe. Nilieleza mpaka sauti ikakauka, na kadiri nilivyoeleza ndivyo mtoto alivyozidi kuwa wa kweli.

"Watu hukana redio hapa," karani alisema akirarua fomu yangu, "hukana saa. Wewe ndiye wa kwanza kukana mtoto." Kisha akaamuru sanduku lote litolewe upya, sufuria kwa sufuria, na kila kitu nikakilipia kana kwamba ni kipya, na faini juu yake, mbele ya mkwe.

Jumamosi mbuzi walipokelewa. Mzee Kilonzo hakuwaambia wazee lolote, lakini yule mpagazi alikaa mtaa wetu, na kufikia Jumapili baba yangu alinikaribisha chai akasema, kwa utulivu kabisa, "Nasikia nimezaliwa Uingereza."

Tangu hapo naandika kila kitu kilivyo, hata nikiulizwa bei ya shati, na nimeapa sitaandika tena "kimetumika" mpaka kitu kichanike. Mueni, ambaye sasa ni mke wangu, ameniuliza juu ya siku ile mara moja tu, tukiwa jikoni anachagua mchele: baba asingekwambia urudi ndani, ungerudi? Nikamjibu haraka kwamba ningerudi. Akanitazama kidogo, akaendelea na mchele wake. Nisingerudi, jamani, na nadhani anajua.